Baba anastaafu Disemba, msimfungulie duka bado

Kijana, umesema babako anastaafu Disemba na nyinyi watoto mshaanza kumtafutia fremu afungue duka asije akachoka na kukaa bure. Ngojeni kwanza. Mimi nilikuwa karani wa serikali, nikaongezewa miaka mitano pale 2009 umri wa kustaafu ulipotolewa 55 ukapelekwa 60, sasa naila pensheni, kwa hivyo nasema kitu nakijua.

Mstaafu hamalizwi na kukosa kazi, amalizwa na watoto wanaompenda mno. Wangu tokeni za stima wanunua wao kwa simu, mboga zaletwa na bodaboda, dawa vivyo hivyo, ikawa sina hata sababu ya kuvaa viatu. Nkawaambia basi jamani, nirudishieni kikapu changu.

Sasa asubuhi nikishapiga mahamri na mbaazi nashuka Marikiti hapa Mombasa mwenyewe. Soko lile lipo tangu 1914 na kununua nazi ni kule kule, waishika waitikisa sikioni wasikia maji, wairudisha wachukua nyingine, muuzaji akwambia mzee wataka nazi ama wataka redio, mwacheka, na hapo ushajua nani mgonjwa nani kaoza binti. Sinunui vyote kwa pamoja, makusudi, leo nazi kesho bizari, mke wangu hupiga kelele lakini nikimaliza yote Jumatatu, Jumanne ntaenda wapi?

Jua likikaza naingia maktaba ya umma hapo mjini nasoma mambo ya historia ya pwani. Wakati wa mitihani wanafunzi hujaa, basi naondoka niwaachie kiti.

Ila kusoma kwenyewe hasa ni alasiri, Mji wa Kale, kwenye kahawa tungu na kashata. Gazeti ni moja tu, Taifa Leo, twaligawana kurasa, huyu mpira huyu siasa, mimi hupewa mashairi niyasome kwa sauti maana miwani yangu ndiyo mpya. Kuna mzee pale nikisoma yeye ahesabu mizani kwa vidole juu ya goti, nane kwa nane, ikipungua moja hataki tena kusikia maana, asema huyu arudi madrasa. Mwengine humtetea, basi hapo ni mpaka adhana ya magharibi. Na mmoja wao hutoka Likoni kila siku, feri ukivuka kwa miguu hulipi kitu, kwa hivyo hata visingizio vya nauli hana.

Duka lamfunga mtu kwa kaunta kutoka asubuhi hadi usiku, hiyo kahawa ataenda kunywa saa ngapi? Mwachieni hata ile ya kwenda kulipia maji, ajipangie mwenyewe. Na kama pesa za fremu zishatengwa basi mpeni mamako, maana yeye hajaambiwa atastaafu lini.