Ni Aafje Heynis, si Kathleen Ferrier
Wapo wanaodhani kwamba mwimbaji Mwingereza Kathleen Ferrier ndiye anayesikika kwenye rekodi ya Rapsodia ya Alto, kazi ya mtunzi Mjerumani Brahms kwa mwimbaji wa kike, kwaya ya wanaume na orkestra, chini ya kiongozi wa orkestra Eduard van Beinum. Hapana, anayeimba ni Aafje Heynis, Mholanzi mzaliwa wa Krommenie (1924–2015). Rekodi hiyo, pamoja na Orkestra ya Concertgebouw ya Amsterdam, ni ya 1958, na Ferrier alikwishafariki Oktoba 1953. Wengi huwachanganya kwa kuwa wote ni kontralto, sauti ya kike ya chini kuliko zote, na Ferrier naye aliirekodi kazi hiyohiyo 1947 akiongozwa na Clemens Krauss. Sikiliza kwaya ya wanaume inapoingia: Heynis anabaki juu yao ametulia kabisa, bila kulazimisha sauti. Kwangu mimi yeye ndiye bora.