Memori ya DL380 G5: angalia herufi ya mwisho

Pole sana kaka. Hiyo memori (RAM) aina ya DDR2 ya kompyuta ya mezani uliyonunua haiingii kwenye seva yako ya HP ProLiant DL380 G5, na tafadhali usiilazimishe, utavunja soketi. Hiyo na ile ya seva zote zina pini 240, ila pengo lililo kati ya pini limekaa mahali tofauti. Seva hiyo inataka memori iliyoandikwa PC2-5300F kwenye lebo. Hiyo F, yaani aina ya "fully buffered", ndiyo ya kutazama. Ukikuta U au P mahali pake, hiyo ni aina nyingine, iache. Zima mashine, chomoa waya, subiri kidogo maana memori hizi hupata moto kweli, kisha toa memori moja iliyomo unakili namba ya HP iliyo kwenye lebo. Tafuta kwa namba hiyo, ununue mbili zinazofanana. Muuzaji wa mitumba akupigie picha ya lebo kwanza, ndipo utume hela.