Nani Anachafua Sauti, Pedali au Amplifaya?

Jumamosi moja ya msimu wa kaskazi, hoteli zikiwa zimejaa wageni, bendi yetu iliitwa kupiga ufukweni upande wa Casuarina hapa Malindi. Nilikwenda na gitaa langu na pedali mbili, vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyochafua sauti, yaani kuifanya ikwaruze. Nimezitumia kwa miaka: ile ovadraivu ya kijani ya Ibanez, inayochafua kwa upole, na ile distoshani ya rangi ya chungwa ya Boss, inayochafua kwa ukali. Amplifaya haikuwa yetu kuukuu ya transista tunayoipakia kwenye tuktuk kutoka Barani. Mwenye shughuli alikuwa amekodi mpya kabisa, ya kidijitali, yenye chaneli kadhaa. Nilifurahi mno. Nikachagua chaneli yenye geini, yaani nguvu ya kukuza sauti mpaka ichafuke, kubwa kuliko zote, nikakanyaga distoshani juu yake, na tulipofika kwenye solo ya wimbo wa kwanza sikujisikia. Vidole vilikuwa vikitembea kwenye nyuzi, spika ikinguruma nyuma yangu, lakini hakuna noti hata moja iliyojitenga na ule mngurumo. Mpiga besi akanisogelea akaniambia sikioni, "Kaka, hatukusikii, tunasikia vumbi tu."

Nikaongeza geini. Mambo yakazidi kuharibika.

Baada ya shoo, mzee mmoja aliyepiga gitaa katika bendi za hoteli tangu ujana wake aliniita mezani kwake. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, pale ni nani aliyekuwa akichafua sauti, pedali au amplifaya?" Sikuwa na jibu. Vyote viwili vilikuwa vikifanya kazi ileile, kimoja juu ya kingine. Tangu siku hiyo, kila kijana anayenijia akilalamika kwamba pedali aliyoinunua kwa pesa ya jasho inasikika vibaya kwenye amplifaya mpya, namuuliza swali la yule mzee kabla sijagusa kitufe chochote.

Inasaidia kujua pedali hizi zilizaliwa lini. Boss walitoa OD-1, ovadraivu, mwaka 1977 na DS-1, ile distoshani ya chungwa, mwaka 1978, na Ibanez wakaleta Tube Screamer TS808, ovadraivu ya kijani, mwishoni mwa muongo huo. Siku hizo amplifaya nyingi za jukwaani zilikuwa za valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, za chaneli moja au mbili, na zilianza kukwaruza zenyewe zinapofunguliwa sana. Ovadraivu ilitengenezwa kwa ajili ya amplifaya ya aina hiyo, iliyokwisha kufika ukingoni. Unaisukuma kidogo, inafurika. Ndani ya Tube Screamer, diodi, vipande vidogo vya umeme vinavyokata mawimbi, zimewekwa kwenye njia inayorudisha sauti ndani ya chipu inayoikuza, kwa hiyo vilele vya mawimbi vinakatwa taratibu na sauti halisi ya gitaa inabaki imechanganyika humo. Pia inapunguza besi na kuinua sauti za kati, karibu na hezi 700. DS-1 ina tabia nyingine. Diodi zake zinamwaga kila kilichozidi moja kwa moja kwenye ethi, waya wa ardhi wa pedali, vilele vinakatwa kwa ukali, na haihitaji msaada wa amplifaya. Yenyewe inatosha kuchafua.

Sasa tazama amplifaya tunazokutana nazo leo. Chaneli yake safi ni safi hata ukifungua sana. Chaneli yake chafu ina hatua kadhaa za geini zilizopangwa kwa foleni, na masta volyumu, kitufe cha sauti ya mwisho, inakuruhusu kupata uchafu wote huo bila kumwamsha mtoto aliyelala chumba cha pili. Za kidijitali, kama Boss Katana iliyotoka mwaka 2016, zina hata ovadraivu za ndani. Nimewahi kukuta mtu amekanyaga pedali yake wakati busta, yaani kiongeza nguvu, ya ndani ya amplifaya imewaka tangu asubuhi bila yeye kujua. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuzima kila kitu, kupiga gitaa likiwa tupu, na kusikiliza amplifaya yenyewe inasema nini.

Ukiichomeka ovadraivu ya kijani kwenye chaneli safi ya amplifaya ya kisasa, utasikia sauti nyembamba, kavu, kama mtu anayesemea puani. Wengi huamua hapo hapo kwamba wameuziwa pedali feki. Pedali haina kosa. Ilizoea kuwa na mwenzake wa kuisaidia, na leo iko peke yake. Dawa ni kuifanya amplifaya ianze kukwaruza kidogo: tafuta ile chaneli ya katikati, isiyo safi wala chafu sana, upandishe geini mpaka ukipiga kwa nguvu inakwaruza na ukipiga kwa upole inabaki safi. Hapo ndipo ukanyage ovadraivu. Utasikia sauti ikinenepa na noti zikidumu. Ukirudisha volyumu ya gitaa lenyewe nyuma kidogo, usafi unarudi bila kugusa kitu kwa mguu. Mimi nyimbo nyingi za bango, muziki wetu wa dansi wa pwani, napiga hivyo: volyumu ya gitaa katikati wakati wa ridhimu, naifungua yote wakati wa solo.

Kama amplifaya haina chaneli ya katikati, au ni ile inayosifika kwa usafi kama Roland JC-120 iliyopo tangu 1975, basi iachie distoshani kazi yote. Weka amplifaya safi, besi na trebo katikati, na toni ya pedali iwe chini kuliko unavyodhani. Nikitaja saa, nasoma kitufe kama mshale wa saa yetu ya Kiswahili: saa sita kinatazama juu, saa tatu kinatazama kushoto. DS-1 kwenye chaneli safi, mimi naiweka toni saa tatu au saa nne, kwa sababu ikipita hapo inachoma masikio. Mwenye distoshani ya RAT akumbuke kwamba kitufe chake cha filta kinafanya kazi kinyume: ukizungusha kulia, trebo inapungua.

Sasa nije kwenye chaneli chafu, maana hapo ndipo nilipoangukia na hapo ndipo watu wengi wanapoteza sauti zao.

Gitaa linapoingia kwenye geini kubwa, besi ndiyo inayobeba nguvu nyingi. Inafika kwanza, inajaza nafasi yote, na kila kinachofuata kinakatwa pamoja nayo. Ndiyo maana nyuzi nene ukizipiga kwa haraka zinageuka tope. Distoshani juu ya chaneli chafu inaongeza tope hilo, kwa kuwa sauti iliyokwisha kukatwa inakwenda kukatwa mara ya pili, na ya tatu. Lakini ovadraivu ikitumika kwa akili inafanya kinyume, inasafisha. Weka draivu, kitufe cha uchafu wa pedali, chini kabisa, saa moja. Weka levo, kitufe cha nguvu ya sauti inayotoka kwenye pedali, juu, saa nane au saa tisa. Toni iache saa sita. Kisha rudi kwenye amplifaya na upunguze geini yake, robo nzima ya mzunguko kama ulikuwa umeijaza. Sasa pedali haichafui chochote. Inapunguza besi kabla haijaingia kwenye geini, inasogeza mbele sauti za kati, na inaigonga amplifaya kwa nguvu. Sikiliza nyuzi nene: zinajibu papo hapo, kila pigo na mwisho wake. Wapiga gitaa wa muziki mzito wanatumia mbinu hii kwenye amplifaya za geini kubwa sana kama Rectifier ya Mesa Boogie, ambazo kwa hakika hazina upungufu wa uchafu. Pedali imewekwa pale kwa kazi ya kubana tu. Usiogope kwamba besi imepotea. Kwenye amplifaya nyingi za geini kubwa kitufe cha besi kiko baada ya geini, kwa hiyo unairudisha hapo ikiwa safi. Tope likishatengenezwa, hakuna kitufe cha kulichuja.

Kitu kimoja kitakushangaza. Ukiwa kwenye chaneli chafu, kuongeza levo ya pedali hakukupi sauti kubwa zaidi wakati wa solo. Kunaongeza uchafu, kwa sababu vilele vimeshafika darini. Nilihangaika na jambo hili kwa muda mrefu. Ukitaka solo ipande juu ya bendi, weka busta safi au pedali ya ikwalaiza, ile ya kupanga besi, sauti za kati na trebo, kwenye lupu ya efekti, zile tundu mbili za nyuma, moja ya kutoa sauti na moja ya kuirudisha. Hapo inaongeza sauti iliyokwisha kuchafuliwa, na kila mtu ukumbini anasikia. Ovadraivu na distoshani zenyewe zibaki mbele, kati ya gitaa na amplifaya. Delei na rivabu, pedali za mwangwi, ndizo zinazopendeza kwenye lupu, zisije zikachafuliwa pamoja na mwangwi wake.

Mipangilio ya nyumbani nayo inadanganya. Kule kwetu Barani tunafanya mazoezi kwa sauti ya chini, tunasimama adhana ikisikika, na majirani ni wavumilivu ila wana mipaka. Sikio la binadamu kwenye sauti ya chini halisikii besi na trebo vizuri, kwa hiyo unaziongeza zote mbili na kupunguza sauti za kati mpaka gitaa lisikike tamu chumbani. Ukifika jukwaani sauti ikifunguliwa, ile besi inagombana na gitaa la besi, trebo inagombana na matoazi, na zile za kati ulizozitupa ndizo zilizokuwa nafasi yako. Jipangie upya ukiwa na bendi nzima, kwa sauti ya shoo, na mtu mmoja asimame mbali kule mbele akusikilizie. Na geini, hata ikikupendeza, ishushe kidogo zaidi. Kwenye arusi za huku watu wamekuja kucheza bango na chakacha, wamezoea gitaa linalosikika noti kwa noti.

Hoteli nyingine hazina amplifaya ya gitaa kabisa, utaambiwa uchomeke kwenye mikisa ya spika za ukumbi. Usichomeke distoshani moja kwa moja, tafadhali. Spika ya gitaa inashuka sana baada ya hezi 5,000 hivi, na ndiyo inayoficha ule ukali wa juu. Spika za ukumbi zinapanda mbali zaidi ya hapo, zinautoa wote nje, na sauti inakuwa kama nyuki ndani ya debe. Kama una amplifaya ndogo ya kidijitali, tumia tundu lake la laini au la hedfoni, maana nyingi zinaiga spika hapo. Kama una amplifaya yoyote ya kawaida, weka maikrofoni mbele ya spika yake. Ukikosa vyote, mwombe fundi mitambo akate trebo ya chaneli yako kwa nguvu, na upige kwa uchafu mdogo.

Umeme ni mambo mawili. Pedali nyingi ni za volti 9 na hasi iko katikati ya plagi. Nimeona pedali nzuri ikifa kwa adapta ya volti 12 iliyotoka kwenye modemu, kwa sababu tu plagi ilitoshea. La pili ni mvumo: geini inakuza kila kitu, pamoja na kelele ya adapta ya bei nafuu inayolisha pedali tano kwa waya mmoja. Kabla ya kununua pedali ya kuzuia kelele, jaribu betri kwenye pedali moja moja. Kama mvumo umetoweka, adapta ndiyo iliyokuwa na shida.

Na sisi wa pwani tuna adui ambaye mtu wa bara hamjui. Hewa ya chumvi inaingia kwenye jeki na kwenye vitufe, na pedali inaanza kukatakata sauti au kukwaruza kila ukigusa volyumu. Kila baada ya miezi michache nanunua kopo la dawa ya kusafisha swichi za umeme, napulizia kidogo kwenye kila jeki na kila kitufe, nazungusha mara ishirini hivi, kisha naacha ikauke. Baada ya kupiga ufukweni nazipangusa kwa kitambaa kikavu usiku uleule. Betri natoa kama sitapiga kwa wiki nzima, isije ikavuja ndani. Na waya wa gitaa nauchomoa kwenye pedali mara nimalizapo, maana nyingi zinawashwa na jeki ya kuingilia, na ukiuacha waya humo betri inakwisha hata kama taa ya pedali imezimwa.