Askari aliuliza, nikajibu "hapana", akapekua gari

SWALI: Nilisimamishwa Columbus, Ohio, kwa sababu taa moja ya nyuma ilikuwa imekufa. Askari aliniandikia onyo, akanirudishia leseni, kisha akauliza kama nina tatizo akichungulia ndani ya gari. Nikajibu "hapana". Akapekua mpaka buti, akakuta vidonge vya maumivu ambavyo nilimwekea rafiki yangu. Hati ya mahakama hakuwa nayo. Ushahidi huo si batili?

JIBU: Hati hakuihitaji, maana ulimruhusu. Swali lile lina mtego wake: "hapana" yako ina maana ya "hapana, sina tatizo", yaani pekua. Hata "sawa" ya adabu, ile tunayoitikia ili tu mtu ajue tumemsikia, mahakamani inaweza kusomwa kama ruhusa.

Marekebisho ya Nne ya Katiba yanakataza upekuzi usio na sababu ya msingi, lakini mwenye gari akikubali, kinga hiyo ameiweka kando mwenyewe. Tangu kesi ya Schneckloth ya 1973, katika Mahakama ya Juu ya Marekani, askari halazimiki kukwambia kwamba unaweza kukataa. Kesi ya Robinette ya 1996, iliyotoka hapo hapo Ohio, ikaongeza kwamba halazimiki hata kukwambia uko huru kuondoka. Kinachopimwa ni kama ulikubali kwa hiari: askari walikuwa wangapi, walikufokea au la, Kiingereza unakielewa kiasi gani, leseni ilikuwa mkononi mwa nani. Kwamba ulisharudishiwa leseni, kwa bahati mbaya, kunausaidia upande wa mashtaka.

Mimi ningeanza na buti. Kesi ya Jimeno ya 1991 inasema mipaka ya ruhusa ni ile ambayo mtu wa kawaida angeielewa kutokana na maneno yaliyosemwa. "Kuchungulia ndani ya gari" si lazima kuwe kufungua buti. Udhaifu wa hoja hii ni kimya chako: kama ulisimama pembeni ukimtazama akifungua bila kusema neno, mwendesha mashtaka atasema uliridhia.

Kwa hiyo wakili aombe mapema video ya kamera ya kifuani na ya gari la polisi, asikilize maneno yenyewe, tena kwa Kiingereza kilichotumika, si kwa kumbukumbu yako. Aangalie na saa. Kwenye Rodriguez ya 2015, dereva alishapewa onyo lake, akazuiwa dakika 7 au 8 zaidi ili mbwa anuse gari. Mahakama ya Juu ikasema huko ni kuvuka mpaka, kama hakuna shuku yenye msingi.

Ombi la kuondoa ushahidi lina muda wake. Ohio ni siku 35 baada ya kusomewa mashtaka au siku 7 kabla ya kesi kusikilizwa, ipi inatangulia. Ukichelewa, hoja nzuri inaweza kufa bila kusikilizwa.

Ukisimamishwa tena, sema wazi "I do not consent to a search", mikono ionekane. Ukiambiwa ushuke, shuka. Hilo ana haki nalo tangu kesi ya Mimms ya 1977. Akipekua kwa nguvu usimzuie kwa mwili, rudia tu maneno yale ili kamera iyanase. Kukataa peke yake hakumpi sababu ya kupekua, ila akiona dawa za kulevya kitini kupitia kioo, ruhusa yako haihitajiki tena.

Na kama huna uraia, mwambie wakili kabla hujakiri kosa lolote, hata dogo. Kosa la dawa linaweza kukufukuzisha nchini, na tangu Padilla ya 2010 ni wajibu wake kukueleza hatari hiyo.