Wasomaji Wanauliza: Kwanini kijiji cha India kikitajwa lazima tuambiwe watu wangapi na stesheni iko wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi napenda kusoma kuhusu vijiji vya India ila kila nikisoma nakuta yaleyale, watu kadhaa, kaya kadhaa, basi linaishia wapi, stesheni iko mbali kiasi gani, imeisha. Kwanini hawaelezi kingine? Pia nasikia huko Gujarat kuna kijiji kinaitwa Jambur ambako watu asili yao ni Afrika, mtu akitaka kufika anapitia wapi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Asante sana ndugu yetu wa Tanga. Hizo habari nyingi zinatoka kwenye sensa. Ile ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya bilioni 1.2, karibu 7 katika kila 10 wanaishi vijijini, na vijiji vyenyewe ni zaidi ya 640,000, kwahiyo kila wilaya ina kitabu chake na kila kijiji kimo humo na namba yake ya utambulisho ya tarakimu sita, kaya ngapi, wanaume, wanawake, watoto chini ya miaka 7, kuna shule, kuna zahanati, basi linafika au halifiki, na kama halifiki wanaandika lipo chini ya kilomita 5, kati ya 5 na 10, au zaidi ya 10.

Ila usizidharau hizo namba maana ndo zinaleta barabara. Desemba 2000 serikali yao ilianzisha mpango unaoitwa Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, yaani barabara inayopitika masika na kiangazi kwa kila makazi yenye watu 500 kwenda juu, na kule milimani, jangwani na maeneo ya makabila inatosha 250. Sasa chukulia kitongoji cha tambarare chenye watu 480, hao hawamo, labda wawe na majirani ndani ya mita 500 wahesabiwe pamoja. Watu ishirini tu wamepungua na mama mjamzito anabebwa kwenye tope mpaka barabarani! Kinachoniuma zaidi ni kwamba sensa ya 2021 iliahirishwa kwa ajili ya korona, nyingine imepangwa 2027, kwahiyo hata awamu ya nne ya mpango huo iliyopitishwa 2024, ya makazi 25,000, bado inatumia hesabu za 2011. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa yuko sekondari.

Tuje Jambur. Ipo wilaya ya Gir Somnath, jirani na mji mdogo wa Talala, pembeni ya msitu wa Gir wenye simba pekee wa porini waliobaki Asia. Wenyeji wengi ni Wasidi, wazee wao walitoka Afrika, wengi wakitokea pwani yetu hii, leo wanaongea Kigujarati, ni Waislamu, na wana kaburi la walii wao Nagarchi Pir ambako ngoma hupigwa mpaka watu wanapandisha. Mama wa hapohapo, Hirbaiben Lobi, alipewa nishani ya Padma Shri 2023 kwa kazi yake na wanawake na watoto wa Kisidi.

Kufika: panda treni kubwa mpaka Veraval, mji wa bandari ya uvuvi, kisha basi la serikali au treni ndogo mpaka Talala. Hiyo reli ni ya upana wa mita moja, sawasawa na reli yetu ya kati ya zamani, na treni yake haina haraka kabisa kwa sababu inakatiza msituni. Kutoka Talala watu wengi wanapanda chhakdo, mbele pikipiki nyuma kama kitoroli, abiria wanakaa ubavu kwa ubavu na magunia yao, linapiga kelele hatari. Ukienda mwezi wa tano msimu wa maembe ya Kesar, wahi asubuhi, maana hayo machhakdo nayo yanabeba makreti ya maembe kwenda mnadani Talala na nafasi ya abiria inakuwa ndogo.