Baba hataki kuiacha gemu

*Shangazi, babangu ana miaka 69, nahodha mstaafu, tunaishi Langoni hapa Lamu. Tangu mjukuu wake amtilie gemu ya magari kwenye simu, hatoki. Akirudi msikitini alasiri hukaa nayo mpaka usiku wa manane, sauti juu hadi majirani wasikia. Kwenye bao hafiki tena. Naogopa akili itamruka. Niitupe baharini hiyo simu?*

Mwanangu, usitupe pesa baharini. Na akili hairuki kwa gemu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwapa wazee wa miaka 60 hadi 85 gemu ya kuendesha gari huku wakisaka alama za barabarani. Saa 12 tu, zikagawanywa mwezi mzima, na wazee wale wakawapiku vijana wa miaka ishirini na kitu ambao hawakuifanyia gemu hiyo mazoezi. Lakini ile iliundwa makusudi kunoa umakini. Ya babako imeundwa asiiache. Na hizo saa 12, kwa hesabu yako, yeye anazimaliza siku mbili hazijesha! Hapo miguu itavimba, shingo ikakamae, na usingizi upotee.

Ila kilichonishika ni neno ulilolipita mbio: sauti juu. Mcheza bao haachi bao bure. Barazani watu sita husema kwa pamoja, mmoja atupa mzaha, wote wacheka; asiyesikia hubaki kutabasamu tu, na akichoka huona heri nyumbani. Simu haimwambii "we kiziwi".

Gemu ikiwa imezimwa, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, mpeleke hospitali wamtazame masikio. Usimtie mafuta wala kijiti. Huenda ni nta iliyoganda, isafishwe yaishe. Ikiwa ni uzee, uliza kuhusu vifaa vya kusikia, tena usichelewe, maana wataalamu wanahesabu kutosikia miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Gemu yenyewe mwachie nusu saa baada ya alasiri, acheze na huyo mjukuu aliyeileta. Kisha mjukuu amshike mkono hadi barazani, na amkalishe karibu na ubao, sikio linalosikia likielekea watu.