Kutoka kwenye paneli hadi meza ya meneja wa kiwanda

Mhandisi wa umeme akikabidhiwa kiwanda kizima, kinachomkwamisha mapema ni ujuzi wake mwenyewe. Breka ikikata saa nane usiku, anahisi chanzo kabla fundi hajafika, basi anatoka mbio na testa mkononi. Mashine inawaka, watu wanashukuru, na ripoti ya uzalishaji inalala mezani bila kusomwa. Kwa mwendo huo utabaki fundi mkuu mwenye ofisi kubwa.

Anzia kwenye ankara ya umeme, maana hapo unamzidi mhasibu. Wateja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, walio kwenye T2 na T3 (madaraja ya bei ya watumiaji wakubwa) hulipia uniti, na pia kilele cha kVA cha mwezi, yaani mzigo mkubwa kuliko wote uliopimwa mwezi huo. Chukua kiwanda chenye mzigo wa kW 400 na pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi halisi) ya 0.80: kilele chake ni kVA 500. Ukifunga kapasita za kVAr 170 hivi, pawa fakta inafika 0.95 na kilele kinashuka hadi kVA 421. Zidisha hizo kVA 79 kwa bei iliyo kwenye ankara yako, kisha gawanya gharama ya kabati la kapasita kwa jibu ulilopata. Hiyo ndiyo miezi ambayo fedha itarudi. Mkurugenzi anataka karatasi hiyo, michoro yako ibaki kwenye faili. Ila kama una inveta nyingi (vifaa vya kubadili kasi ya mota), agiza kabati lenye riakta, yaani koili za kinga, kwani hamoniki, mawimbi machafu ya umeme yatokayo kwenye inveta, huunguza kapasita zilizofungwa tupu.

Na usikubali maneno kwamba kilele hupandishwa na mota zinapowashwa. Mkondo wa kuwashia hufika mara sita ya kawaida, lakini ni kwa sekunde chache tu, na mita huchukua wastani wa dakika nyingi, mara nyingi 30. Kinachopandisha ni kinu, kompresa na pampu kubwa kufanya kazi pamoja ndani ya nusu saa hiyo hiyo. Ukiwa hapo kwenye kompresa, sikiliza mabomba: tundu la milimita 3 kwenye hewa ya bar 7 hula takriban kW 3 usiku na mchana.

Kisha fungua daftari la mashine kusimama. Kila msimamizi wa zamu aandike nyakati nne: mashine iliposimama, fundi alipofika, kipuri kilipopatikana, mashine ilipowaka. Safu ya tatu ndiyo hufichua mengi. Kontakta, swichi ya sumaku inayowasha mota, hubadilishwa kwa dakika 10, lakini laini ilisimama 40: mwenye funguo za stoo hakuwepo, fomu ilisubiri saini, na kontakta iliyotolewa kwanza ilikuwa na koili ya volti 24 badala ya 230. Kwa laini ya tani 6 kwa saa, hizo ni tani 4 zilizokwenda, na fundi hana kosa.

Kwenye safu ya sababu, kataa “hitilafu ya umeme”. Iandikwe sehemu na kilichoiharibu: beringi lilikosa grisi, au ovalodi (kinga inayokata mota ikivuta mkondo kupita kiasi) ilipandishwa juu ya ampea za kwenye kibao cha mota ili uzalishaji usikatike. Hilo la pili ni la kawaida mno, na mwisho wake ni mota kuungua. Baada ya wiki nne, panga sababu kwa dakika, ushughulikie tatu za juu tu.

Watu ni wagumu kuliko mashine, na hapa wahandisi wengi hawajasoma sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na malipo yake si chini ya mara moja na nusu. Ukiona zamu ya usiku inagusa hizo 50 kila mzunguko, pitia daftari la kusimama kabla hujaomba kibali cha kuajiri; huenda saa hizo zinafidia tani zilizopotea mchana.